Shajara ya Mradi: Familia ya Bomberai Magharibi na Jamaa Zake

Wiki ya kwanza. Mipaka ya kazi

Tumeanza. Lengo la mradi ni kuandaa kijitabu cha Kiswahili kitakachomwonyesha msomaji wa kawaida namna wanaisimu wanavyothibitisha kwamba lugha fulani ni ndugu, na tumekubaliana kwamba mfano mkuu utatoka mbali na Wabantu. Mifano ya Kibantu imezoeleka mno: Mswahili akimsikia Mganda akisema "omuntu" hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba hapo pana undugu, na kwa sababu undugu huo uko wazi, hapati nafasi ya kuona kazi inayofanywa pale ambapo undugu umefichika.

Nimechagua familia ya Bomberai Magharibi, ambayo ina lugha tatu tu: Iha, Baham na Kalamang. Rasi ya Bomberai iko magharibi mwa kisiwa cha Guinea Mpya, upande wa Indonesia, kusini mwa rasi kubwa iitwayo Kichwa cha Ndege, na makao makuu ya wilaya ni mji wa Fakfak. Iha na Baham huzungumzwa kwenye rasi yenyewe, nazo zimekaribiana sana. Kalamang iko kwenye kisiwa kikubwa zaidi cha funguvisiwa la Karas, katika vijiji viwili, Mas na Antalisa, na wasemaji wake ni takriban 130. Nimeisoma tarakimu hiyo mara mbili ili kuhakikisha kwamba sijaacha sifuri nyuma. Ni watu wanaoweza kuenea katika mabasi mawili.

Jambo la kuwekwa mapema kwenye kijitabu ni kwamba neno "Kipapua" halitaji familia moja. Guinea Mpya na visiwa vya jirani vina lugha za Kipapua zaidi ya 800, na kinachoziweka pamoja ni kwamba si za familia ya Kiaustronesia (ile yenye Kimalei na Kimalagasi) wala si za Australia. Hilo ni jina la kutenga, kama mtu anavyosema "wasio wa ukoo wetu". Waliomo ndani yake si lazima wawe ndugu wao kwa wao. Zimo familia nyingi ndogo, nyingine za lugha mbili au tatu, na lugha kadhaa zilizo peke yake kabisa.

Wiki ya pili. Majina

Sikutarajia kwamba jambo la kwanza kutukwamisha lingekuwa majina. Kwa kawaida ya Kiswahili tungeandika Kikalamang, Kibaham na Kiiha. Nilipompelekea Mwalimu rasimu, yeye ambaye ni mwenyeji wa Kasulu na Kiha ndiyo lugha aliyonyonya nayo, aliizungushia duara nyekundu na kunipigia simu jioni hiyo hiyo.

"Mwanangu," akasema, "hapa umewahamishia Waha Indonesia."

Nikamweleza kwamba kuna irabu mbili, Kiiha na wala si Kiha. Akanijibu kwamba msomaji hahesabu irabu, na kwamba mchapaji naye atairuka moja kwa nia njema, akidhani amesahihisha kosa. Amesema kweli. Tumeamua kuandika "lugha ya Iha" kila mahali bila kiambishi, na kwa ajili ya ulinganifu zote tatu zitaandikwa hivyo. Kosa la aina hiyo lilikuwa likitungoja kwingine pia: Kisar ni kisiwa kilicho karibu na Timor, na lugha ya Kipapua inayozungumzwa hapo huitwa Oirata, ilhali msomaji wetu akikutana na "Kisar" atadhani ni jina la lugha. Kila litakapotokea litatanguliwa na neno "kisiwa".

Wiki ya tatu na ya nne. Neno la mkono

Wiki hizi mbili zimekwenda kwenye neno moja, nami sioni kwamba zimepotea.

Familia inayodhaniwa kuwa jamaa ya karibu ya Bomberai Magharibi ni ile ya Timor, Alor na Pantar. Hiyo ina lugha zipatazo 25 hadi 30, nyingi zikiwa kwenye visiwa vidogo vya Alor na Pantar, na chache Timor: Bunak, Makasae, Makalero na Fataluku, pamoja na Oirata ya kisiwa cha Kisar. Kati ya visiwa hivyo na Guinea Mpya pana bahari na visiwa vya watu wasemao lugha za Kiaustronesia, kwa umbali unaokaribia kilomita 1,000. Ndiyo maana madai ya undugu yanahitaji ushahidi mzito.

Nilianza na sehemu za mwili, kwa kuwa msamiati huo haukopwi kwa urahisi. Mkono kwa Kalamang ni "tan". Kwa Makasae na Fataluku ni "tana". Kwa Teiwa, lugha ya Pantar, mtu akitaja mkono wake husema "na-tan", yaani mkono wangu, kwa kuwa katika lugha hizo sehemu ya mwili haitajwi bila mwenyewe. Kwa Abui ya Alor ni "na-tang". Nilipoyapanga maneno hayo kwenye mstari mmoja nilifurahi kama mtu aliyeokota pete yake mchangani, nikamwandikia Mwalimu kwamba hoja imekamilika.

Majibu yake yalikuja siku ya pili, kwa mwandiko wake wa kalamu ya wino uliopigwa picha. Aliongeza maneno matatu chini ya mstari wangu. La kwanza ni "tangan", mkono kwa Kiindonesia na Kimalei. La pili ni "tanana", mkono kwa Kimalagasi, ambacho ni lugha ya Kiaustronesia iliyovuka Bahari ya Hindi ikafika Madagaska, jirani yetu kabisa. La tatu ni "tano" ya Kiswahili. Mkono una vidole vitano, akaandika, na ziko lugha ambazo neno la mkono na neno la tano ni moja. Basi nimweleze kwa nini Mmakasae ni ndugu wa Mkalamang na si ndugu yangu mimi.

Nimekaa na swali hilo siku nyingi, na jibu lake ndilo litakalokuwa sura ya kwanza ya kijitabu. Maneno mawili yakifanana, njia ni tatu: yamerithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, yamekopwa, au yamekutana kwa bahati. "Tano" yetu imekutana na "tana" kwa bahati. Tunajua ilikotoka, kwa sababu lugha za Kibantu kuanzia Afrika ya Kati hadi kusini zina neno hilo kwa maana ya idadi, na mizizi yake inafuatilika hadi kwa lugha mame ya Kibantu, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote, bila kugusa habari ya mkono. "Tangan" na "tanana" ni ndugu halisi wao kwa wao, kwani zote zimetoka katika Kiaustronesia. Swali gumu ni kama "tan" na "tana" za Kipapua zilikopwa kutoka kwa Waaustronesia, ambao wameishi bega kwa bega na watu hawa kwa maelfu ya miaka.

Hapa nilipata msaada kutoka kwa Kitetun, lugha ya Kiaustronesia iliyo jirani na Bunak na Makasae huko Timor. Kitetun kinaita mkono "liman". Kimetumia neno jingine la kale la Kiaustronesia, lile lile lililozaa "lima" kwa maana ya tano katika Kimalei na "dimy" katika Kimalagasi. Iwapo Wamakasae wangekopa neno la mkono kwa jirani zao, tungetarajia kitu kinachofanana na "liman". Kiindonesia chenye "tangan" kimeenea kote katika visiwa hivyo, lakini uenezi huo ni wa juzi ukilinganisha na umri wa neno ambalo limeshikamana na viambishi vya mwenye mkono katika lugha nyingi za Alor na Pantar. Kwa hiyo ukopaji una uzito mdogo, ingawa haujafutika, na neno hili limebaki kwenye jedwali.

Neno la nguruwe limeondoka. Makasae ina "bai" na Fataluku "pai", na nilikuwa nimelipenda. Lakini lugha mame ya Kimalayo-Polinesia, tawi la Kiaustronesia lenye Kimalei, ilikuwa na "babuy", na Kimalei cha leo kina "babi". Mnyama huyu alifika Timor pamoja na Waaustronesia, na mnyama mgeni mara nyingi huja na jina lake. Sitalitumia kama ushahidi.

Wiki ya tano. Mbwa na samaki

Kufanana kwa maneno ni mwanzo tu; kinachothibitisha undugu ni tofauti inayojirudia kwa utaratibu. Hili msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuonyeshwa kwa dakika moja. Kiswahili kina "panda" (mbegu), Kikikuyu kina "handa". Kiswahili kina "paka" (mafuta), Kikikuyu kina "haka". Kiswahili kina "mpaka" wa shamba, Kikikuyu kina "mũhaka". Mahali pa p yetu wao wana h, si mara moja bali kila mara mzizi ule wa kale ulipokuwa na sauti hiyo. Bahati haiwezi kurudia kosa lile lile namna hiyo.

Sasa tazama Timor. Mbwa kwa Makasae ni "defa", kwa Fataluku ni "ipar". Samaki kwa Makasae ni "afi", kwa Fataluku ni "api". Mahali pa f ya Makasae, Fataluku ina p. Maneno mawili si mengi, na kwenye kijitabu yataongezwa, lakini hata haya mawili yanafundisha zaidi ya orodha ndefu ya maneno yanayofanana tu. Bunak ina "zap" kwa maana ya mbwa, yenye p na yenye z pale Makasae ilipo na d. Na Kalamang, kilomita nyingi mashariki, humwita mbwa "bal". Irabu ya katikati, konsonanti ya midomo na sauti ya mwisho ya l iliyo karibu na r ya Fataluku zinaita macho, ingawa silabi ya mwanzo haipo.

Tahadhari ya kuandikwa pembeni: "api" kwa Kiindonesia ni moto. Anayelinganisha maneno kwa sura yake peke yake atakuta Fataluku na Kiindonesia vina neno moja, kisha ahangaike kueleza jinsi samaki alivyogeuka moto.

Wiki ya sita. Viwakilishi

Viwakilishi vya nafsi ndivyo vilivyotumika zaidi katika mjadala wa lugha za Kipapua, hasa tangu Malcolm Ross alipovitumia mwaka 2005 kama kipimo cha awali cha kuzipanga katika makundi. Nimevipanga upya kwa Kiswahili.

Kalamang: mimi ni "an", wewe ni "ka", yeye ni "ma". Sisi tusiomhesabu msikilizaji ni "in", sisi pamoja na msikilizaji ni "pi", ninyi ni "ki", wao ni "mu". Viambishi vilivyofufuliwa na wanaisimu kwa lugha mame ya Timor, Alor na Pantar ni "na-" kwa mimi, "a-" kwa wewe, "ga-" kwa yeye; kisha "ni-" na "pi-" kwa sisi hizo mbili, "i-" kwa ninyi na "gi-" kwa wao.

Kwa haraka mtu ataona "pi" pekee. Akitulia ataona kwamba "an" ni "na" iliyogeuzwa, na "in" ni "ni" iliyogeuzwa kwa namna ile ile. Kwamba "ka" ni "a" yenye k mbele yake, na "ki" ni "i" yenye k hiyo hiyo. Kila tofauti imejirudia mara mbili. Juu ya hayo, pande zote mbili hutofautisha umoja na wingi kwa kubadili irabu a kuwa i. Nafsi ya tatu haikubali: "ma" na "mu" hazipatani na "ga-" na "gi-", na jedwali litaonyesha hivyo bila kulazimisha.

Mwalimu aliuliza kama hii haitoshi kumaliza kazi. Haitoshi. Viwakilishi ni vijineno vifupi mno, na sauti n na m zimejaa katika nafsi ya kwanza ya lugha nyingi duniani zisizohusiana. Sisi wenyewe tuna "ni-" kwa mimi.

Wiki ya saba. Historia ya dhana

Sehemu hii nilitaka iwe fupi. Katika miaka ya 1970, Stephen Wurm na wenzake waliziingiza lugha za Timor, Alor na Pantar katika kundi kubwa la Trans-Guinea Mpya, kundi linalodaiwa kuwa na mamia ya lugha kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine, huku wakikiri kwamba zina dalili nyingi za lugha za Papua Magharibi, yaani za Kichwa cha Ndege na kisiwa cha Halmahera. Ross mwaka 2005 akaziweka humo humo kwa sababu ya viwakilishi. Mwaka 2012 Laura Robinson na Gary Holton wakapima upya madai yote mawili wakitumia msamiati, wakaona kwamba ushahidi wa kuziunganisha na familia yoyote nyingine bado hautoshi. Miaka kumi baadaye, 2022, Timothy Usher na Antoinette Schapper walitoa hoja ya familia waliyoiita Bomberai Magharibi Kuu, inayounganisha lugha tatu za Bomberai na zile za Timor, Alor na Pantar kwa njia ya mifanano ya sauti inayojirudia.

Ninavyosoma mimi, hakuna aliyemshinda mwenzake hapo. Robinson na Holton walikuwa sahihi kukataa kwa ushahidi uliokuwepo mwaka 2012, wakati ambapo maelezo ya kina ya Kalamang hayakuwepo. Sarufi kamili ya lugha hiyo, iliyoandikwa na Eline Visser, ilichapishwa mwaka 2022. Nimeguswa na jambo hili kuliko nilivyodhani: swali la asili ya lugha zenye wasemaji wengi, Makasae peke yake ikiwa na zaidi ya 100,000, limetegemea kwa sehemu uvumilivu wa watu wa vijiji viwili waliokubali kuulizwa maneno yao, na wa mtu aliyekaa nao kuyaandika.

Sarufi hiyo imepata umaarufu wa aina nyingine pia. Mwaka 2023 watafiti, Visser akiwa miongoni mwao, waliitumia kupima kama modeli kubwa za lugha, yaani programu za akili bandia, zinaweza kujifunza kutafsiri lugha mpya kutokana na kitabu kimoja cha sarufi, kwa kuwa maandishi ya Kalamang hayakuwa yameenea kwenye intaneti. Hilo liko nje ya kijitabu chetu, lakini linaeleza kwa nini vijana wa kompyuta niliozungumza nao walilijua jina la Kalamang kabla yangu.

Wiki ya nane. Mikopo na kungumanga

Nimerudi kwenye habari za Fakfak, kwa kuwa bila kueleza biashara hatuwezi kueleza ukopaji. Fakfak inajulikana Indonesia kwa kungumanga, na pwani ya Onin, ncha ya kaskazini-magharibi ya rasi, iliuza kungumanga na magome ya massoi, mti wenye harufu nzuri, kwa wafanyabiashara wa kisiwa cha Seram na visiwa vyake kwa karne nyingi. Bidhaa zikienda, maneno hurudi. Lugha tatu za Bomberai Magharibi zimejaa maneno ya Kiaustronesia, hasa kutoka lugha ya Onin, na kila neno tunaloweka kwenye jedwali lazima liulizwe kwanza kama lilipanda ngalawa.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu. Kiindonesia kina "dunia", "waktu" na "kabar". Sisi tuna dunia, wakati na habari. Sisi na wao hatuna mzazi mmoja wa lugha. Tumekopa kwa Waarabu, kila mmoja kwenye bandari yake. Mfano huu umewekwa kabla ya sura ya mkono, kwa ombi la Mwalimu, ili msomaji awe na shaka ya kutosha kabla ya kuonyeshwa ushahidi.

Wiki ya tisa. Mchoro wa ukoo

Tumebishana juu ya mistari. Iha, Baham na Kalamang zimeunganishwa kwa mstari mzito, Iha na Baham zikiwa zimekaribiana zaidi. Kutoka hapo kwenda Timor, Alor na Pantar nilitaka mstari mzito vilevile; Mwalimu alitaka wa nukta. Tumekubaliana mstari mwembamba usiokatika, na maelezo yatatumia "hoja iliyotolewa mwaka 2022" badala ya "imethibitika". Kwenda Trans-Guinea Mpya ni nukta, na kitenzi ni "huenda". Mwalimu amefuta "inasemekana" kila nilipoiandika, kwa sababu, asema, neno hilo linamficha msemaji, na hapa kila dai lina mwenyewe na mwaka wake.

Yaliyobaki: kutafuta maneno mengine ya Makasae na Fataluku yenye f na p, kwani mawili ni machache kwa sura nzima, kusoma upya rasimu yote nikihakikisha kwamba hakuna "Kiiha" iliyosalia, na kumrudishia Mwalimu ukurasa wa mbwa, ambao ameandika pembeni yake: "Silabi ya kwanza imekwenda wapi?"